Pointi 33

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotoa matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, kuna pilikapilika isiyoandikwa kwenye ratiba yoyote. Vijana wa miaka kumi na minne na kumi na mitano, wengi wao hawana simu, humiminika kwa kaka aliyemaliza shule, kwa fundi simu, kwa dada wa kibanda cha miamala, wakiomba wafunguliwe mkeka. Jina la shule linabonyezwa, orodha inashushwa polepole kwa kidole, namba ya mtahiniwa inasakwa. Ikipatikana, macho yote yanakwenda kwenye tarakimu moja. Mwenye pointi 33 au pungufu ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwenye 34 anarudi darasa alilotoka.

Wazazi wengi wanaijua divisheni, wachache wanaijua hesabu inayoizaa, ingawa haina ugumu wowote. Yanahesabiwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Aliyepata F katika yote saba ana pointi 35. Ili ashuke hadi 33 anahitaji D mbili, au C moja peke yake. Na D inaanzia alama 30 kwa mia. Kwa hiyo mtoto aliyepata 30 ya Kiswahili na 30 ya Jiografia, kisha akaanguka Hisabati, Kiingereza, Fizikia, Kemia na Baiolojia, amepata divisheni ya nne. Amefaulu. Fizikia na Kemia anaweza kuziaga akifika kidato cha tatu, maana wengi huziaga. Hisabati na Kiingereza zitamfuata.

Katika mitihani ya 2023 na 2024, takriban asilimia 85 ya watahiniwa walivuka mstari huo. Vyombo vya habari vilisema ufaulu ni mzuri, na ukitazama asilimia peke yake, ni mzuri kweli. Ila upande wa pili wa asilimia hiyo wamo vijana laki moja na ushee kwa kila mwaka, ambao miaka miwili ya sekondari imepita bila wao kupata hata D mbili.

Mjadala wa viwango vya elimu ungepaswa kuanzia hapa, kwenye mstari wenyewe na mahali ulipochorwa. Kwa kawaida hauanzii hapa. Unaanzia kwenye swali la kupandisha au kukaririsha, na hapo watu wanagawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Wapo wanaosema mtoto asiyejua arudie hadi ajue, kwani enzi zao ndivyo ilivyokuwa. Wapo wanaosema kumrudisha kijana wa miaka kumi na mitano akae na wadogo zake ni kumfukuza shule kwa upole. Kambi zote mbili zina ushahidi mkononi, na pengine ndiyo maana ugomvi wao hauishi.

Hao wa enzi zao wana historia ndefu ya kusimulia. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za kati, darasa la tano hadi la nane, na aliyetaka kuingia huko alipaswa kwanza kuushinda mtihani wa darasa la nne. Wengi hawakuushinda. Waliishia hapo, wakarudi kwenye jembe na ng'ombe wakiwa na miaka kumi au kumi na miwili. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, aliulaumu mfumo uliojengwa juu ya mitihani kwa ajili ya wachache wanaosonga mbele huku wengi wakirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Kwa muda fulani nchi ilijaribu kuupunguza mtihani makali. Alama za maendeleo ya darasani zikaanza kuhesabiwa katikati ya miaka ya 1970, na elimu ya msingi kwa wote ikatangazwa.

Mtihani wa kidato cha pili ulikuja baadaye, miaka ya 1980, na mstari wake ulikuwa wastani wa 30. Chini ya hapo unarudia. Ukishindwa tena unaondoka. Tangu wakati huo kizuizi hicho kimekuwa kikilegezwa na kukazwa kadiri upepo unavyovuma wizarani. Mwishoni mwa muongo wa 2000 kililegezwa: mtihani ulibaki, lakini aliyepata chini ya 30 akaruhusiwa kuendelea na safari pamoja na wenzake.

Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya 2012.

Waliokuwa wakisikiliza redio Februari 2013 hawajasahau. Waziri wa Elimu wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza kwamba wanafunzi 240,903 wamepata divisheni sifuri. Waliopata divisheni ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa pamoja walikuwa 23,520 tu. Kwa kila mmoja aliyefaulu vizuri, kumi walikuwa wametoka mikono mitupu. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mei mwaka huo Serikali ikayafuta matokeo yale bungeni na kuagiza yapangwe upya. Yakapangwa upya, ufaulu ukapanda kidogo, na bado wengi zaidi ya nusu walikuwa wamefeli.

Mtuhumiwa wa kwanza alipatikana haraka: kile kizuizi cha kidato cha pili kilichoondolewa. Vijana wale walifanya mtihani wa kidato cha pili mwaka 2010, wakati kila mtu alikuwa anapita. Kwa hiyo, ikasemwa, walifika kidato cha nne wakiwa na mapengo ambayo zamani yangewarudisha nyuma mapema. Hoja hiyo ina mantiki. Kizuizi kilirudishwa, na tangu hapo kipo.

Lakini vijana wale wale walikuwa pia watoto wa shule za kata. Mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, Tanzania Bara ilikuwa na shule za sekondari takriban 1,300. Miaka mitano baadaye zilikuwa zaidi ya 4,000. Wananchi walibeba mawe, wakachanga mchanga na bati, majengo yakasimama. Walimu hawafyatuliwi kama tofali. Waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, mitaani wakaitwa walimu wa vodafasta, na shule zenyewe zikaitwa yeboyebo. Majina hayo yalikuwa ya kejeli, ila hayakuwa ya uongo. Kuna shule ambazo mwalimu mmoja wa sayansi alifundisha vidato vyote vinne, na nyingine hazikuwa naye hata huyo mmoja.

Nani basi aliyewafelisha wale 240,903? Kizuizi kilichoondolewa, au darasa lisilo na mwalimu wa Hisabati? Hakuna awezaye kulijibu kwa uhakika, kwa sababu mambo hayo mawili yalitokea kwa wakati mmoja, kwa watoto wale wale. Na ufaulu ulipoanza kupanda miaka iliyofuata, haikuwezekana kujua kama ni kizuizi kilichorudi ndicho kilichofanya kazi, maana wakati huo huo madaraja yenyewe yalibadilishwa.

Hadithi ya madaraja ina vichekesho vyake. Mwishoni mwa Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba divisheni sifuri itafutwa, na mahali pake patakaa divisheni ya tano. B ikazaa B+, na E ikaingia kati ya D na F. Nchi ikacheka, kisha ikakasirika. Mwaka uliofuata divisheni zote zikawekwa kando, ukaletwa wastani wa alama kwa mtindo wa vyuo vikuu, na mzazi aliyekuwa amezoea kuuliza mtoto amepata wani au tuu akawa anapewa namba yenye nukta. Januari 2016 Waziri mpya wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, akaurudisha mfumo wa divisheni. Ndani ya miaka mitatu mizani ilibadilishwa mara mbili na kurudishwa. Kusogeza mstari kunahitaji waraka na saini. Gharama yake ni ndogo, matokeo yake yanaonekana mwaka huo huo, na pengine kwa sababu hiyo kila anayeingia ofisini hushawishika kuusogeza.

Kinachogharimu ni kile kinachofanyika baada ya mstari kuchorwa.

Chukua mwanafunzi aliyepata pointi 35 katika shule ya kata ya kawaida. Anarudi kidato cha pili Januari. Anakaa kwenye chumba kile kile, safari hii na watoto waliokuwa wakimwita kaka. Mwalimu wa Baiolojia ni yule yule, daftari la notisi ni lile lile, na huenda tayari analo limejaa, kwa hiyo hata kunakili hana sababu. Mwalimu ana wanafunzi sabini mbele yake na silabasi inayomkimbiza. Kurudi nyuma kwa ajili ya watano waliokaririshwa hawezi. Hakuna kipindi kilichotengwa kwa ajili yao wala mwalimu aliyepangiwa kujua walikwama wapi. Karatasi zao za mtihani, ambazo zingeonyesha kwamba huyu hajui sehemu na yule hajui kusoma sentensi ya Kiingereza, hazirudi shuleni zikiwa na maelezo ya kila mtoto. Inarudi tarakimu.

Afadhali kidogo hutokea Septemba na Oktoba, shule zinapoanzisha kambi za kitaaluma. Wazazi huchanga mahindi, maharage na fedha za mpishi, wanafunzi wa vidato vya mitihani hulala madarasani na kukesha na mitihani ya miaka iliyopita. Kambi hizo huwasaidia wengi kuvuka, na walimu wanaojitolea usiku wanastahili shukrani kuliko wanazopata. Hata hivyo wiki sita za kukimbizana na mitihani iliyopita humfundisha mtoto mahali pa kuokota D mbili. Hilo si jambo dogo kwake, ila pengo la miaka tisa halizibwi hivyo.

Na pengo kwa kawaida ni la miaka mingi. Ripoti ya mwaka 2010 ya Uwezo, utafiti unaopima usomaji wa watoto, ilikuta kwamba mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na kwa Kiingereza nusu yao hawakuweza. Tangu 2015 mtaala wa madarasa ya mwanzo umejengwa upya kuzunguka kusoma, kuandika na kuhesabu, na huo ulikuwa uamuzi wa maana kuliko mabadiliko yote ya madaraja yaliyotajwa hapa. Bado mtoto anayetoka shule ya msingi ya Serikali hufika kidato cha kwanza na kukuta lugha imegeuka. Jana alisoma sayansi kwa Kiswahili, leo kitabu, ubao na mtihani vinazungumza Kiingereza. Anapewa kozi ya utangulizi ya wiki chache, kisha masomo yanaanza.

Aliyewahi kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili anajua kinachofuata. Mwalimu anasoma aya kwa Kiingereza, anaieleza kwa Kiswahili, darasa linaelewa, mikono inanyooshwa, kuna hata kicheko. Kisha anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza na wote wanainama kunakili. Yule kijana anaweza kukueleza usanisinuru vizuri kabisa: jani, mwanga, maji, hewa ukaa, chakula cha mmea. Novemba anaulizwa jambo hilo hilo kwa lugha nyingine, anaandika maneno manne yasiyoungana na kupata sifuri. Je, upimaji umempima Baiolojia? Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilionyesha nia ya Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 limebakiza Kiingereza sekondari. Huo ni uamuzi wa nchi na una watetezi wengi, wakiwemo wazazi wa mijini wanaolipa ada kubwa ili watoto wao wasiisikie lugha nyingine darasani. Lakini ukishaamua hivyo, huwezi kumtazama aliyefeli kidato cha pili na kusema tatizo lake ni uvivu.

Uamuzi wa kukaririsha hauna uzito sawa kwa kila mtu. Mvulana anaporudia mwaka, mara nyingi hupoteza mwaka. Msichana anaweza kupoteza zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamfunga jela miaka thelathini anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ngao hiyo inamlinda akiwa kwenye rejista. Akikata tamaa na kubaki nyumbani, maneno ya posa huanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka kumi na mitano kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, vifungu ambavyo Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Miaka kumi na mitano ndiyo umri wa kidato cha pili. Tangu Novemba 2021 waliokatiza masomo wanaruhusiwa kurudi, na kwa walio nje ya mfumo upo Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, unaowapa njia ya kufika kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Njia hizo zipo na zinasaidia. Anayezipita huwa anazilipia mwenyewe kwa muda wake na fedha zake.

Shule binafsi zina kizuizi chao cha pembeni. Nyingi hupanga wastani wa shule, 45, 50 na hata zaidi, na asiyeufikia huambiwa arudie au atafutiwe shule nyingine. Serikali imekemea jambo hilo mara nyingi. Shule husema zinalinda ubora, na nyingine kwa kweli zina walimu wanaobaki jioni na wanyonge. Nyingine zilikuwa zinalinda nafasi yao kwenye jedwali la kumi bora, ambapo mtoto dhaifu ni doa linaloweza kuondolewa kabla ya Novemba. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora. Sababu moja ya kumwondoa mtoto imepungua, ingawa mabango ya matangazo barabarani bado yanajua kuhesabu divisheni ya kwanza.

Kenya imechagua njia tofauti. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kuzuiliwa darasani, na tangu 2018 Serikali huko imesisitiza kwamba kila anayemaliza shule ya msingi aingie sekondari, machifu wakitumwa nyumba kwa nyumba kuwasaka waliobaki. Mtaala wa umilisi umeleta shule ya sekondari ya chini, gredi ya saba hadi ya tisa, na mwaka 2025 kundi la kwanza lilifanya tathmini ya mwisho wa gredi ya tisa. Hakuna anayefeli. Mwanafunzi anazidi matarajio, anayafikia, anayakaribia au yuko chini yake, kisha wote wanasonga mbele kwenye mikondo ya sekondari ya juu. Kwa karatasi ni mfumo wa huruma kuliko wa Tanzania. Kwa vitendo, aliye chini ya matarajio amepanda darasa na mapengo yake, na mwalimu wa gredi ya kumi ndiye atakayeyagundua, bila kipindi cha ziada na bila posho. Pande zote mbili za mpaka wa Namanga, kazi ngumu imeachiwa mtu yule yule.

Marekani ililipima swali hili kwa kipimo kinachosomeka. Mwaka 1996 jiji la Chicago liliamua kwamba mwanafunzi wa darasa la tatu, la sita na la nane asiyefikisha alama iliyowekwa katika mtihani hatapanda. Kabla ya kumkaririsha lilimpa nafasi: masomo ya kiangazi, madarasa madogo, walimu waliojua wanafanya nini, kisha mtihani tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia watoto hao kwa miaka. Masomo ya kiangazi yaliwasaidia, na wengi walivuka. Waliokaririshwa hawakusaidika: wa darasa la tatu hawakuwapita wenzao waliofanana nao na kupandishwa, na wa darasa la sita walizidi kuachwa nyuma. Kwa waliorudia darasa la nane, umri sawa na kidato chetu cha pili, uwezekano wa kuacha shule kabisa uliongezeka.

Anayetaka kizuizi kiondolewe atalishika tokeo hilo la mwisho. Anayekitaka kibaki ataonyesha kwamba hofu ya kizuizi ndiyo iliyowafanya watu wayachukulie masomo ya kiangazi kwa uzito. Wote wanaweza kuwa sawa. Kilichozaa matunda kule Chicago ni zile wiki za kufundishwa tofauti, na hizo ndizo zinazokosekana katika kidato cha pili cha hapa, kabla ya mtihani na baada yake. Matokeo hutoka Januari shule zikiwa zimefunguliwa au zinafunguliwa. Mtihani hufanyika Novemba. Likizo ndefu ya Desemba inapita katikati, na hakuna anayejua bado nani alikwama.

Si lazima iwe hivyo. Walimu wenyewe wanajua majina ya watakaofeli tangu muhula wa kwanza, muulize mwalimu wa taaluma yeyote Aprili naye atakuandikia orodha bila kufungua faili. Kipindi kimoja kwa siku cha Kiingereza na Hisabati za msingi kwa walio kwenye orodha hiyo kingegharimu posho ya walimu wawili kwa shule. Fedha hiyo haina fungu katika bajeti nyingi za shule, na tangu Januari 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila malipo hadi kidato cha nne, mkuu wa shule anayeomba mchango wa aina hiyo anatembea juu ya waya mwembamba.

Muda nao unakimbia. Sera mpya inaweka miaka kumi ya elimu ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na upimaji wa kidato cha pili utakuwa katikati ya safari ambayo kisheria mtoto hapaswi kuikatisha. Kwa mpango wa Serikali, mwishoni mwa 2027 darasa la sita na la saba watamaliza shule ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 wote wataingia kidato cha kwanza. Mazungumzo ya wilayani yamekuwa juu ya vyumba, madawati na matundu ya vyoo. Kundi hilo litafanya upimaji wa kidato cha pili Novemba 2029. Likiwa mara mbili ya la sasa, na asilimia ikabaki ilivyo, watakaotakiwa kurudia darasa watazidi laki mbili kwa mwaka mmoja, na Januari 2030 madawati yao yatakuwa yamekwishapangiwa wadogo zao.